Saumu ya Mbegu Itengwe Siku ya Mavuno

Katika kata za juu za Wilaya ya Mbulu, msimu wa saumu hauhitaji kutangazwa. Harufu yake humfikia mpita njia kabla hajayaona magunia yaliyopangwa barazani. Wachuuzi hufika na mizani, au bila mizani, na katika muda mfupi mazao ya nusu mwaka huwa yamekwisha kupakiwa. Miezi michache baadaye, kaya ile ile iliyouza magunia humtuma mtoto dukani akanunue vichwa viwili vya saumu kwa ajili ya maharage ya jioni. Msimu wa kupanda ukiwadia, baba na mama wa kaya hiyo huanza kuulizana mbegu itatoka wapi, na mara nyingi huipata gulioni, kwa bei iliyo juu kuliko ile waliyouzia wao, tena ikiwa ndogo na isiyojulikana shamba ilikotoka.

Hasara hiyo haianzii gulioni. Huanzia siku ya mavuno, pale mchuuzi anaporuhusiwa kuchagua kwanza, familia ikala vya kati, na vidogo vilivyokataliwa na wote vikawekwa darini kuwa mbegu. Somo hili linaeleza namna ya kulima, kuvuna na kutumia saumu ya nyumbani, likianza na tuta dogo ambalo kila mkazi mwenye ua na maji anaweza kulimudu. Hata hivyo, mkulima mwenye ekari nzima naye atayakuta humu mambo yanayomhusu, kwa kuwa kanuni za tuta na za shamba ni zile zile.

Saumu haina mbegu nyingine ila yenyewe

Mahindi na maharage hupandwa kwa mbegu. Kitunguu maji huoteshwa kitaluni kutokana na mbegu ndogo nyeusi. Saumu inayolimwa haitoi mbegu ya namna hiyo. Kinachopandwa ni punje, na punje hiyo ni sehemu ya mwili wa mmea mzazi. Mmea unaochipua kutoka kwake si mtoto aliyechanganya tabia za baba na mama, bali ni mmea ule ule wa mwaka jana ulioendelea kuishi. Kama mzazi alikuwa na nguvu, nguvu hiyo huhamia shambani pamoja na punje. Kama alikuwa na virusi, kuvu au minyoo ya udongoni, navyo huhamia.

Kutokana na hali hiyo, mkulima wa saumu ana mamlaka makubwa juu ya mbegu yake kuliko mkulima wa mazao mengi mengine. Akichagua vichwa vikubwa na safi kila mwaka, mbegu yake huendelea kuizoea ardhi na hali ya hewa ya kwao. Akipanda masalia kila mwaka, vichwa hupungua ukubwa msimu hadi msimu, na mwisho husema kwamba ardhi imechoka. Mara nyingine kweli ardhi imechoka, lakini mara nyingi zaidi iliyochoka ni mbegu.

Kuhusu jina, wakazi wa pwani hupenda kusema kitunguu thomu, na bara husema kitunguu saumu. Yote mawili yametokana na neno moja la Kiarabu. Saumu yenye maana ya kufunga ni neno jingine kabisa lililokuja kufanana nalo kwa sauti tu, kwa hiyo mtu asitafute uhusiano kati ya kiungo hiki na mfungo.

Ubaridi ndio unaokigawa kichwa

Asili ya saumu ni Asia ya Kati, nchi zenye baridi kali. Mmea huu huhitaji kipindi cha ubaridi ili kichwa kigawanyike kuwa punje. Ukikosa ubaridi huo, huota majani mazuri yanayomfurahisha mwenye shamba, na wakati wa kung'oa hukutwa kitunguu kimoja cha mviringo kisicho na punje, au hakikutwi kitu. Katika nchi za mbali na ikweta, urefu wa mchana wakati wa kiangazi nao huuambia mmea kwamba umefika wakati wa kutengeneza kichwa. Mbulu ipo takribani nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na huku mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima. Kazi hiyo, basi, hufanywa zaidi na ubaridi wa milima, hasa ule wa mwezi wa sita na wa saba.

Kwa sababu hiyo saumu hustawi katika kata zilizo juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hailipi katika bonde la Yaeda lenye joto. Ni sababu hiyo hiyo inayowafanya wakulima wa Lushoto, Iringa na Mbeya wafanikiwe, ilhali Tanga mjini na Dar es Salaam huinunua tu. Mkazi wa bondeni anayetamani kuwa na tuta lake hakatazwi kujaribu, ila ajaribu kwa vichwa viwili vitatu, asikope fedha kwa jaribio hilo.

Hapa pia ndipo yalipo maelezo ya jambo linalowashangaza wengi: vichwa vikubwa vyeupe vinavyotoka ng'ambo, hususani China ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko nchi zote duniani, huonekana madukani kuwa mbegu bora. Aina nyingi kati ya hizo zimezoea mchana mrefu na baridi ya kwao. Baadhi huwa zimetibiwa zisichipue safarini. Mkulima akizipanda, ama hazioti, ama huota bila kutoa kichwa cha maana. Saumu iliyonunuliwa kwa ajili ya chungu ibaki kuwa ya chungu.

Tuta la mita moja kwa tatu

Kaya inayotumia vichwa viwili kwa juma hula vichwa 104 kwa mwaka. Kiasi hicho hakihitaji shamba. Tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tatu hutosha karibu kabisa. Likipandwa mistari mitano iliyoachana sentimita 20, na punje zikiachana sentimita 10 ndani ya mstari, kila mstari hubeba punje 30, na tuta zima hubeba punje 150. Tuseme mimea 20 imeharibika kwa sababu moja au nyingine. Vichwa 130 hubaki. Kati ya hivyo, 28 vitahitajika kwa mbegu, kwa hesabu itakayoelezwa mbele. Vinavyobaki 102 ni vya jikoni.

Tuta lichaguliwe mahali penye jua na pasipotuama maji, na ambapo kwa misimu mitatu au minne haikupandwa saumu wala kitunguu maji. Udongo ulimwe kwa kina cha jembe zima, mabonge yavunjwe, na samadi ichanganywe. Mbulu haina upungufu wa mazizi. Tatizo ni kwamba samadi nyingi hupelekwa shambani ikiwa mbichi. Samadi mbichi huunguza mizizi, huleta magugu na hualika funza. Ile iliyooza hadi ikawa nyeusi, isiyo na harufu kali na inayopukutika mkononi ndiyo ifaayo, na debe moja hadi mawili hutosha tuta hili. Iwekwe majuma mawili au matatu kabla ya kupanda. Tuta liinuliwe kidogo, kiasi cha kiganja, ili mvua za mwisho wa masika zisiozeshe punje.

Wakati wa kupanda hutegemea maji. Wenye mifereji ya umwagiliaji wana uhuru zaidi. Wanaotegemea mvua hupanda masika yanapoelekea kupungua, ili mmea ukue katika ubaridi na kichwa kikomae katika ukavu. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba saumu hutaka unyevu utotoni na ukavu uzeeni. Anayeigeuza kanuni hiyo huvuna vichwa vilivyopasuka na vyenye ukungu.

Vichwa vya mbegu vivunjwe siku ya kupanda au siku moja kabla, kwa vidole, bila kukitwanga kichwa wala kumenya punje. Ganda la punje ni nguo yake. Punje kubwa za pembeni ndizo zipandwe, na zile nyembamba za katikati ziwekwe kando. Punje yoyote yenye doa la kahawia, laini ikibonyezwa, au yenye ukungu wa kijani au mweupe, isipandwe hata kama mbegu haitoshi. Kila punje huwekwa ncha ikitazama juu na kitako chini, kwa kina cha sentimita tatu hadi tano. Watoto hupenda kazi hii na huifanya vizuri wakionyeshwa kitako ni kipi. Wasipoonyeshwa, nusu ya tuta itaota shingo zilizopinda.

Zile punje nyembamba zilizotengwa hazitupwi. Zikibanwa pamoja katika ndoo mbovu iliyotobolewa chini, karibu na mlango wa jiko, hutoa majani mabichi baada ya majuma machache. Majani hayo hukatwakatwa juu ya mayai, viazi au supu, na hukatwa tena yakichipua.

Kulitunza tuta

Saumu ina majani membamba yasiyotupa kivuli, na mizizi yake haiendi mbali. Haiwezi kushindana na magugu. Palizi ya miezi miwili ya kwanza ndiyo inayoamua ukubwa wa kichwa, na ifanywe kwa mkono au kijembe kidogo, juu juu, bila kukata mizizi. Matandazo ya majani makavu hupunguza kazi hiyo na huhifadhi unyevu.

Maji yawe ya kiasi, kila udongo unapoanza kukauka chini ya uso. Mbolea ya kukuzia, kwa anayeitumia, iwekwe mapema mmea unapokuwa katika umri wa majani. Naitrojeni ikiendelea kutolewa kichwa kikiwa kimeanza kuumuka, mmea hurudi kwenye majani na kichwa huchelewa. Maji yasimamishwe kabisa majuma mawili hadi matatu kabla ya kuvuna.

Wadudu wadogo waitwao thripsi hujificha kwenye makutano ya majani na kuyafyonza hadi yakawa na mabaka ya fedha. Huzidi wakati wa ukame. Baka zambarau na kutu ya majani hufuata unyevu. Nafasi nzuri kati ya mimea, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na kuondoa mabaki ya msimu uliopita hupunguza yote matatu. Anayelazimika kunyunyizia dawa anunue iliyosajiliwa, katika duka la pembejeo linalotambulika, na aheshimu siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kati ya kunyunyizia na kuvuna. Zao hili huliwa hadi majani.

Ugonjwa unaoweza kulifunga shamba kwa kizazi

Katika magonjwa yote ya saumu, uozo mweupe ndio unaostahili kuogopwa. Husababishwa na kuvu anayekaa udongoni na kupenda ubaridi ule ule unaopendwa na saumu. Majani ya chini huwa manjano, mmea hunyauka ukiwa na maji, na ukivutwa hutoka kwa urahisi kana kwamba hauna mizizi. Kitakoni huonekana utando mweupe kama pamba, na ndani yake chembe nyeusi ndogo mno, kama mbegu za mchicha au ndogo kuliko hizo.

Chembe hizo nyeusi ndizo hatari yenyewe. Zinaweza kukaa udongoni zikiwa hai kwa miaka 20 na zaidi bila kula chochote. Haziamki kwa mahindi, haziamki kwa maharage wala viazi. Huamshwa na harufu inayotoka kwenye mizizi ya saumu na jamaa zake: kitunguu maji, kitunguu cha majani na liki. Mkulima aliyeuingiza ugonjwa huu akiwa kijana anaweza kumrithisha mwanawe shamba ambalo bado halipandiki saumu. Kubadilisha mazao kwa miaka mitatu au minne, ambako husaidia dhidi ya magonjwa mengi, hapa hakutoshi.

Ugonjwa huingia kwa njia za kawaida kabisa. Njia kuu ni mbegu iliyotoka shamba lisilojulikana. Nyingine ni udongo ulioshikamana na jembe la kuazima, matope ya viatu vya vibarua waliotoka shamba jingine siku hiyo hiyo, maji yanayotiririka kutoka shamba la juu, na mabaki ya saumu yaliyotupwa kwenye shimo la mboji au kulishwa mifugo, kwa kuwa chembe zake zaweza kupita tumboni mwa mnyama na kurudi na samadi. Hata maganda na vitako vya saumu ya dukani havifai kutupwa katika mboji itakayorudi kwenye tuta la saumu.

Akiona dalili hizo, mkazi asing'oe mmea na kuutupa mferejini, kama ilivyo mazoea ya wengi. Mmea uchimbwe pamoja na udongo unaouzunguka, ubebwe ndani ya ndoo usidondoshe udongo njiani, na uchomwe moto. Jembe lioshwe papo hapo. Kisha afisa ugani wa kata aitwe aone mwenyewe, na jirani wa chini ya mfereji aambiwe siku hiyo. Wapo wanaoficha kwa kuhofia kwamba wachuuzi watalikwepa eneo lao. Hofu hiyo inaeleweka, lakini jirani asiyeambiwa ataendelea kumwagilia kwa maji yale yale.

Kuvuna kabla majani hayajaisha

Saumu hukomaa kati ya miezi minne na sita, kulingana na aina na ubaridi wa mahali. Kosa la kawaida ni kusubiri majani yote yakauke kama inavyofanyika kwa kitunguu maji. Kila jani la saumu ni mwendelezo wa ganda moja linalokifunika kichwa chini ya ardhi. Jani likikauka, ganda lake nalo huanza kuoza. Majani yote yakifa, kichwa hubaki uchi, hupasuka, na punje hutawanyika udongoni. Wakati mwafaka ni pale theluthi moja hadi nusu ya majani, kuanzia ya chini, yanapokuwa makavu na ya juu yangali mabichi. Mwenye shaka achimbe vichwa viwili vya majaribio: kama punje zimejaa na zimejitenga, na maganda ni mazima, wakati umefika.

Udongo ulegezwe kwa uma au jembe kando ya mstari, ndipo mmea uinuliwe. Kuvuta kwa nguvu hukata shingo. Kukung'uta udongo kwa kugonganisha vichwa ni tabia inayopaswa kuachwa, kwani kila mgongano huacha jeraha lisiloonekana ambalo huoza baada ya mwezi mmoja. Kichwa kisioshwe, udongo ukikauka hupukutika wenyewe.

Kisha saumu ikaushwe kivulini, ikiwa na majani na mizizi yake, mahali penye upepo: chini ya upenu, kwenye chanja, au ikiwa imefungwa mafungu na kutundikwa. Kuianika juani kwa siku nyingi huibabua punje. Majuma mawili hadi manne hutosha. Shingo ikiwa kavu kiasi kwamba haitoi maji ikikatwa, na maganda yakichakarika kama karatasi, mizizi hukatwa na shingo huachwa sentimita mbili au tatu. Wengine husuka majani na kuzitundika shungi hizo jikoni. Ni pambo zuri, ila zikae mbali na mvuke wa sufuria.

Mfuko wa nailoni huozesha saumu. Kapu, mfuko wa wavu au gunia la katani lililo juu ya chanja huihifadhi kwa miezi sita na zaidi. Jokofu nalo halifai kwa vichwa vizima vinavyotakiwa kudumu, kwa sababu ubaridi wake huviambia kwamba wakati wa kuchipua umefika.

Uamuzi wa siku moja

Kukausha kukiisha, saumu yote huwa imelala mahali pamoja, ikionekana, na bado ni mali ya nyumba. Hapo ndipo pa kuchagua, kabla mchuuzi hajaitwa na kabla kisu cha jikoni hakijagusa kitu.

Kichwa cha mbegu kiwe kikubwa, kigumu, chenye maganda mazima na kitako safi, na kiwe kimetoka kwenye mmea uliokuwa na afya shambani. Sharti hili la mwisho husahaulika, kwani kichwa kikishakatwa majani hakisemi kilikotoka. Wakulima waangalifu hufunga uzi au kuchomeka kijiti kwenye mimea bora ingali shambani, majani yakiwa mabichi. Kikichaguliwa hivyo, kichwa kimoja hutoa kwa wastani punje sita nzuri za kupanda. Tuta la punje 150 huhitaji, basi, vichwa 25, na vitatu huongezwa kwa ajili ya vile vitakavyoharibika ghalani. Hiyo ndiyo asili ya vichwa 28 vilivyotajwa awali. Kwa anayelima ekari nzima, mbegu hufikia takribani kilo 200 hadi 300, na kila kilo anayotenga ni kilo asiyoinunua msimu wa kupanda.

Kikwazo hakiko katika hesabu. Vichwa hivyo 28 ndivyo ambavyo mchuuzi angevilipia bei ya juu kabisa, na siku ya mavuno ndiyo siku ambayo ada ya shule, deni la pembejeo na paa linalovuja hudai kwa pamoja. Ni vigumu kumwambia mama mwenye mahitaji hayo kwamba aviweke darini vitu vinavyoweza kugeuka fedha leo. Ndiyo maana inafaa makubaliano yafanyike kabla ya mavuno, mume na mke wakiwapo, na kiasi cha mbegu kitajwe kwa idadi. Mbegu iliyotajwa kwa idadi, ikafungwa katika gunia lake na kuwekwa alama, huonekana kuwa kitu kilichokwisha kutumika. Iliyoachwa ndani ya rundo huuzwa mwisho mwisho, kidogo kidogo, na hakuna anayekumbuka iliuzwa lini.

Wanaoanza msimu huu bila mbegu yao wenyewe wanunue kwa mkulima wa karibu ambaye shamba lake wameliona likiwa na mimea, si likiwa tupu. Waanze na kiasi kidogo kilicho safi, na wakizidishe wenyewe kwa misimu miwili.

Mizani wakati wa kuuza

Kinachouzwa kiuzwe kwa kilo. Gunia lililoongezwa kichwa cha lumbesa humnyonya mkulima saumu asiyolipwa, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu ufungashaji huo. Mizani halali huwa na alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Mkulima ana haki ya kuomba aioneshwe kabla saumu yake haijapandishwa, na asipoiona aende kwa mtendaji wa kijiji au kata kabla gari halijaondoka. Malalamiko yanayoletwa baada ya gari kuondoka ni magumu kuyashughulikia.

Jikoni

Punje nzima ya saumu haina harufu kali. Ndani yake vitu viwili hukaa vikiwa vimetenganishwa na kuta za seli. Punje ikikatwa au kutwangwa hukutana na kuzaa alisini, ambayo ndiyo harufu na ukali wenyewe. Moto huua uwezo huo. Kwa hiyo anayetaka saumu isikike katika mchuzi aitwange, aiache kwa dakika kama kumi, ndipo aitie. Anayetaka utamu bila ukali apike punje nzima: zikitiwa katika maharage tangu mwanzo huyeyuka na kuacha unono tu. Kwa pilau, saumu na tangawizi hutwangwa pamoja na kutiwa baada ya kitunguu maji kuiva, kwa sababu saumu huungua haraka, na ikiungua huwa chungu na uchungu huo hauondoki.

Saumu changa iliyong'olewa kabla ya kukomaa, ikiwa na majani yake, ni mboga ambayo watu wa gulioni hawaijui kwa kuwa haisafiri. Hii ni faida ya mwenye tuta peke yake.

Kuna tahadhari moja ambayo haina mjadala. Saumu mbichi iliyolowekwa katika mafuta na kuachwa kabatini inaweza kuzalisha sumu ya botulini, inayotokana na bakteria wa udongoni wanaostawi pasipo hewa. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na inaua. Mafuta ya saumu yatengenezwe kiasi kidogo, yahifadhiwe kwenye jokofu na yaishe ndani ya siku chache; asiye na jokofu ayatengeneze ya kutumia siku hiyo hiyo. Kadhalika, saumu ni chakula. Haichukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu wala za maambukizi, na kuifunga mbichi juu ya ngozi ya mtoto huunguza. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wamweleze mhudumu wa afya kabla ya kuanza kula saumu nyingi au vidonge vyake.

Mkazi anayetaka kuonyeshwa namna ya kupima tuta, kuchagua mbegu au kutambua dalili za uozo mweupe amuone afisa ugani wa kata yake kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Anayeshuku ugonjwa asibebe mmea mkononi hadi ofisini. Amwite afisa afike shambani.